Hisabati darasa la tatu na watoto wa mahitaji maalum: 52 toa 27 kila siku napewa 35, nisaidieni

Ticha_wa_Wilayani ameuliza:

Habari za jioni walimu wenzangu na wazazi mliomo humu. Naomba msaada maana nimefika mwisho wa akili zangu. Nafundisha hisabati darasa la tatu, shule ya serikali huku wilayani, darasa lina watoto 83 na mwaka huu nimeongezewa wanne kutoka kitengo cha elimu maalum, kwamba sasa ni elimu jumuishi wanasoma na wenzao. Sio kwamba siwataki jamani, msinielewe vibaya, shida yangu ni kwamba sijasomea elimu maalum hata kozi ya wiki moja, na mwalimu wa kitengo yuko peke yake ana watoto wake wengine kule, tunaonana dakika tano wakati wa chai basi.

Nawaeleza bila majina. Wa kwanza binti wa miaka 11 ana sindromu ya Down, mchangamfu balaa, anahesabu kwa mdomo moja mpaka ishirini bila kukosea lakini ukimwekea vizibo vya soda saba mezani ukamwambia nipe vinne anakusukumia vyote na tabasamu juu. Wa pili kijana ana usonji, huyu kuzidisha yote anayo kichwani mpaka mara 12, unamuuliza 7 mara 8 hujamaliza kuongea kashajibu, ila mpe swali la maneno hata liwe la mistari miwili anakaa kimya anaangalia dirisha. Wa tatu ana ualbino, huyu nimepokea na sifa yake tayari, kwamba ni mzito wa hesabu. Wa nne ndo ananinyima usingizi kwa sababu ukimwangalia hana kitu, anaongea vizuri, Kiswahili anasoma kuliko nusu ya darasa, lakini namba hazikai kabisa. Mwambie aandike thelathini na tano anaandika 305. Mpe 52 toa 27 anaandika 35. Nimemfundisha kuchukua wiki tatu, "mbili haitoshi kutoa saba, nenda kwa jirani kachukue moja", anaitikia ndiyo mwalimu, kesho yake 35.

Nachofanya mpaka sasa nawapa kazi za darasa la kwanza huku wenzao wakiendelea. Wanatulia, hawasumbui, mthibiti ubora akipita anaona wanaandika. Ila moyoni najua nawapotezea muda. Kipindi ni dakika 40, hela ya zana hakuna, chaki yenyewe tunahesabiana. Nifanyeje?

---

Bi_Kitengo:

Mwalimu pole na hongera, wengi hawaulizi. Mimi nipo kitengo mwaka wa 16 huu, nilipita Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalum, na kitu cha kwanza nakwambia weka zana pembeni kwanza, tafuta ngazi ipi haipo chini ya mguu wa kila mmoja. Hao wanne hawaumwi ugonjwa mmoja, sasa ukiwapa wote kazi ya darasa la kwanza ni kama umewapanga foleni ukawapa wote dawa ya minyoo.

Naanza na wa nne maana huyo nawajua kumi. Huyo anayeandika 305 kwa masikio yake yupo sahihi kabisa. Amesikia thelathini akaandika 30, akasikia na tano akaandika 5, kosa lake liko wapi? Kaandika alichosikia. Chukua boksi la sabuni au la biskuti, kata kadi ndefu uandike 10, 20, 30 mpaka 90, halafu kadi fupi nusu yake uandike 1 mpaka 9. Mpe kadi ya 30, mpe na ya 5, mwambie tano inakaa juu ya sifuri. Anaifunika, inatokea 35. Muulize sifuri imeenda wapi, aifunue mwenyewe aione ipo chini imejificha. Mtoto anacheka pale, na mi nikiona amecheka najua imeingia. Ukifika mamia unakata kadi za 100, 200, 300 ndefu zaidi, hapo ndo 305 inapata mahali pake na anaona kwa macho kwamba sio 35.

Alafu ngoja niseme kitu ambacho kinanikera siku zote. Maneno yetu ya namba yenyewe ni mtihani. Sikiliza vizuri: sita sitini, saba sabini, tisa tisini, hapo mtoto anakamata. Sasa mbili na ishirini vina undugu gani? Tatu na thelathini, nne na arobaini, tano na hamsini, nane na themanini? Ni Kiarabu kile, sisi wakubwa tumezoea hatusikii tena, lakini mtoto ambaye namba hazikai kichwani anatakiwa akariri majina mapya kabisa bila kamba ya kushikia. Mi kwa muhula mzima nasema "makumi matatu na tano", halafu ndo "thelathini na tano", yote mawili kila mara, mpaka yeye mwenyewe aache la kwanza.

Na hiyo ya "kachukue moja kwa jirani" mwalimu naomba uiache hata kesho. Unamwambia achukue moja, akiichukua unamwambia sasa mbili imekuwa kumi na mbili. Moja imekuwaje kumi? Kwake huo ni uchawi, ndo maana akifika kwenye 2 na 7 anakimbilia njia anayoielewa, saba toa mbili tano, tano toa mbili tatu, 35. Hajakosea ovyo, ana kanuni yake, anatoa ndogo kwenye kubwa popote ilipo. Mpe njiti. Mafungu matano ya kumi kumi yamefungwa raba bendi, na njiti mbili peke yake. Mwambie nipe saba. Atatafuta, ataona mbili hazitoshi, muache, usimwambie kitu, hata dakika mbili zipite. Siku atakapofungua raba mwenyewe ndo umemaliza kazi ya wiki tatu. Kuandika kwa tarakimu kuje baadae.

Binti wa Down. Kuhesabu mpaka ishirini kwa mdomo huo ni wimbo mwalimu, kama anavyoimba wimbo wa taifa. Hajajua kwamba ile ya mwisho aliyoitaja ndo idadi yenyewe. Na kingine, umemwambia nipe "vinne". Yeye alifundishwa "nne". Fikiria, viti vinne, maembe manne, watu wanne, kalamu nne, kwako ni kitu kimoja, kwake ni maneno manne tofauti. Sita, saba na tisa hazibadiliki, ndo maana wengine unaona wanaotea sita wanakosea tatu unashangaa. Mwanzo baki na neno moja, "nipe vizibo, nne", ukiwa umeinua vidole. Watoto wa hivyo wengi wao wanashika kwa macho kuliko kwa masikio kwa hiyo ongea kidogo onyesha sana. Na tafuta trei ya mayai, ile ya 30 ina safu sita za tano tano, kata kila safu mbili inakupa vipande vitatu vya matundu kumi. Kizibo kimoja tundu moja. Safu ya juu ikijaa ni tano, haina haja ya kuhesabu tena, anaiona. Bure, kwa muuza chips yeyote zipo zimelundikana.

Wa usonji nitarudi, ng'ombe wananiita hapa.

---

MzeeWaMagazijuto:

Naheshimu uzoefu wa dada hapo juu lakini mi nitakuwa tofauti kidogo. Mwenzetu ana watoto 83, mwakani wana upimaji wa darasa la nne, matokeo yakitoka hakuna atakayeuliza habari za trei za mayai, ataitwa ofisini aulizwe wastani. Na hivi vijiti mimi nimevichoka. Nafundisha la sita, nina watoto mpaka leo wanachora vijiti pembeni ya daftari, mtu anatafuta 63 toa 48 anachora vijiti 63 anaanza kukata kimoja kimoja, nusu ya kipindi imeisha na mwisho wa siku amekosea kwa kijiti kimoja. Nani aliwafundisha? Walimu wa zana. Mi nasema kanuni akariri, mazoezi mengi, ataelewa mbele ya safari. Sisi tulielewa hivyo hivyo.

---

Bi_Kitengo:

Nimerudi. Mzee wangu shikamoo, na hapo kwenye vijiti pembeni ya daftari una hoja kubwa sitaki nibishe. Ila chunguza hao watoto wako, wanachora kimoja kimoja, maana yake hakuna aliyewahi kuwafungia makumi. Walishikishwa vijiti darasa la kwanza, darasa la pili wakanyang'anywa ghafla wakapewa namba tupu. Kuna daraja hapo katikati lilirukwa. Anashika kwa mkono, halafu anachora alichokishika, halafu ndo anaandika tarakimu, na hata kuchora kwenyewe sio vijiti 63, ni mistari mirefu sita kwa makumi na nukta tatu. Kwenye 63 toa 48 anafuta mstari mmoja anaweka nukta kumi. Hiyo inachukua nusu dakika na baada ya mwezi mtu mwenyewe anaona uvivu kuchora anaacha. Zana unayompa mtoto uwe umeshajua utaitoaje mkononi mwake, hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia. Kukariri sawa, huyo kijana wa usonji amekariri kila kitu, na si ndo hivyo kakwama?

Sasa kuhusu yeye. Niliwahi kuwa na mmoja, nikampa "Juma ana maembe 12, akala 5, yamebaki mangapi". Akaniuliza Juma yupi. Nikamwambia Juma yeyote. Akakataa kata kata, darasani kuna Juma wawili na hakuna aliyekula maembe. Nikacheka lakini usiku nikakaa nikawaza, mtoto ana haki. Sisi tunamletea hadithi ya uongo tunataka aiamini kwanza ndo ahesabu. Tafuta anachokipenda, mpira, magari, mbuzi wa kwao, chochote, swali liwe hilo. Futa maneno yasiyo na kazi. Mchoree masanduku mawili na alama ya kuuliza. Na aonyeshe jibu kwa kadi kama kuongea kunamchosha.

Angalizo lingine, walimu tunawafundisha watoto wote wategemee neno moja, wakiona "zaidi" wajumlishe wakiona "baki" watoe. Halafu unakutana na "Asha ana maembe 9, ana 4 zaidi ya Rehema, Rehema ana mangapi?" Darasa zima linaandika 13.

---

mama_wa_genge:

Mimi sio mwalimu naomba mnivumilie. Nina kijana wa miaka 14 ana ulemavu wa akili. Shule aliyoanzia siitaji, alikuwa anarudi na ukurasa una hesabu ishirini, zote kosa, makosa mekundu juu mpaka chini, kila siku, na mwaka mzima hakuna aliyeniambia huyu hajui nini hasa. Alifika hatua akiona daftari tu anajikunja tumbo linamuuma. Nikamuomba mwalimu mmoja kwa upole ampe hesabu nne badala ya ishirini, akaniambia mama hapa hatudekezi. Baadae nikawa nakunja ukurasa mwenyewe nyumbani, anaona nne tu, akimaliza nne anapumzika anakunywa uji, basi. Kwa kitu kidogo kama kukunja karatasi tumbo likaacha kuuma.

Alichojua amejulia gengeni kwangu. Ukimwambia elfu moja mia tano hajui unasema nini. Buku jero anaijua, anakuletea noti na sarafu yake bila kukosea. Sarafu za mia mia kumi nilimwekea kwenye kikopo, nikamwambia zikijaa kumi nakupa buku, anazimwaga anazipanga ananidai buku yake. Nikaja kusikia mwalimu wake wa sasa anasema eti hiyo ndo thamani ya nafasi, nikasema hee kumbe nafundisha.

Chenji hajui kupiga mpaka leo na huenda asijue. Nilichomfundisha ni kwamba ukisikia elfu moja na kitu toa buku mbili, elfu mbili na kitu toa buku tatu, halafu usiondoke mpaka urudishiwe. Anaenda dukani peke yake. Hisabati za darasa la nne sijui kama atazifikia lakini sukari analeta, na chenji yangu inarudi. Mwalimu huyo binti wa miaka 11 kama anapenda kucheza duka mchezeshe duka na hela halisi jamani, zile za karatasi za kuchora wanaziona hazina maana.

---

Mwalimu254:

Niko hapa Nakuru, mnivumilie na Kiswahili changu cha Kenya. Hiyo maneno ya Bi Kitengo kuhusu ishirini imenigusa sana juu nimeiona kwa watoto wetu. Kwa Kikuyu ishirini ni mirongo iri, yaani makumi mawili, kwa Kijaluo piero ariyo, hivyo hivyo makumi mawili. Mtoto anatoka nyumbani na mfumo ambao uko sawa kabisa halafu anafika shule anapewa ishirini na twenty zote siku moja hahaha. Mi siku hizi naanza na lugha ya nyumbani kama naijua, kama siijui namwambia mtoto mwingine atafsiri.

Kitu ingine, huyo wa nne anasikika kama diskalkulia, yaani shida ya kujifunza namba, lakini ticha usimwandikie hiyo jina kwa ripoti wewe mwenyewe. Huku kwetu tunapeleka kwa EARC, vituo vya kupima watoto, viko tangu 1984, wanamwangalia macho, masikio na kila kitu kabla waseme ni nini. Nyinyi pia mna vituo vya upimaji, uliza afisa wa elimu maalum wa wilaya. Nimeona mtoto alikaa miaka miwili akiitwa slow na shida ilikuwa sikio moja halisikii, alikuwa anakaa upande wa lile bovu. Kumi na tatu na thelathini kwake zilikuwa zinafanana.

---

Kofia_Pana:

Nimesoma nikafika kwa huyo wa tatu nikaacha chakula. Mimi ni mwalimu, nina ualbino, na mimi pia nilikuwa "mzito wa hesabu" mpaka darasa la tano. Mwalimu naomba ufanye jaribio moja dogo kabla ya yote. Usiangalie majibu yake, angalia maswali yake. Linganisha alichokopi kwenye daftari na kilichokuwa ubaoni. Mi nilikuwa nikiona ÷ naandika +, 8 naandika 3, 6 naandika 0, halafu nafanya hesabu ya kwangu vizuri kabisa nakosa. Mwalimu anaona jibu halipo anaweka kosa. Hakuna aliyewahi kugundua kwamba nimejibu sahihi swali ambalo hakuliandika.

Uoni hafifu wa kwetu miwani haiumalizi, wengi macho yanacheza yenyewe, na mwanga ndo adui. Kwa hiyo kumweka mbele tu haitoshi, ukimweka mbele akatazamana na dirisha umemmaliza. Dirisha liwe mgongoni kwake. Mruhusu asimame aende mpaka ubaoni sentimita kumi bila kuomba ruhusa na bila kuzomewa. Wewe ukiwa unaandika sema kwa sauti unachoandika, "hamsini na mbili, toa, ishirini na saba", hii haikugharimu chochote na nakuhakikishia kuna wengine kumi nyuma huko watashukuru. Maswali yake yaandike kwenye karatasi kwa maka peni nyeusi, makubwa, machache kwa ukurasa. Mistari ya daftari ya bluu hafifu haioni, ndo maana mamoja na makumi yanapishana, mkolezee mistari kwa kalamu nyeusi au umchoree vyumba. Na habari za kuwatoa nje wakahesabie mawe juani yeye abaki kivulini na kofia yake, ngozi ile haina mchezo.

Mwakani kwenye upimaji hakikisha ameorodheshwa kama mwenye uoni hafifu mapema, sio wiki ya mtihani. Karatasi ya maandishi makubwa ipo, na muda wa nyongeza upo, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, masomo mengine dakika 10 kwa kila saa. Shule nyingi wanasahau tu kumwandikisha, mtoto anafanya mtihani kama wengine, halafu "mzito".

---

Ticha_wa_Wilayani:

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili na nusu, samahani kwa ukimya, nilikuwa nasahihisha.

Naanza na wa ualbino. Nilikusanya daftari lake jioni ile ile nikaweka pembeni ya andalio langu la somo. Kati ya maswali kumi alikuwa amekopi vibaya saba. Saba! Majibu ya maswali aliyoyakopi yeye, sita yalikuwa sahihi. Kesho yake nikamwandikia karatasi kwa maka peni, akapata nane kwa kumi. Sikujisikia vizuri hata kidogo, nimekaa naye tangu Januari.

Binti wa Down, trei nimezipata kwa muuza chips kama ulivyosema. Siku ya tatu nikamwambia "nipe vizibo, nne" nikainua vidole, akatoa vinne, akafunika vilivyobaki kwa mkono kama vyake. Jana nikajaribu tano akatoa safu nzima bila kuhesabu. Sita bado.

Wa usonji, mwenzake wa dawati akaniambia huyu anapenda mabasi. Nikamwandikia basi lina siti 50, wamepanda abiria 38, siti ngapi hazina mtu. Akaandika 12 hapo hapo, halafu akaniambia mwalimu basi linalopita hapa lina siti 57. Nikafuta nikaandika 57 akaandika 19. Sasa kila asubuhi ananisubiri na swali la basi, na nimegundua ukibadilisha kuwa lori hataki.

Wa nne nusu nusu. Kadi amezipenda mno, 305 imekufa, haijarudi. Kutoa akiwa na njiti anafungua raba anapata 25, siku ya kwanza alikaa na zile njiti mbili dakika karibu nne akiniangalia na mimi nikijifanya naangalia nje, mpaka akafungua. Bila njiti bado 35. Nimeanza ile ya mistari na nukta juzi. Darasa zima sasa wanaanza dakika kumi za kwanza na njiti, kwa makundi, na kusema kweli sio wale wanne tu waliokuwa hawajui moja ya jirani inakuwaje kumi. Mzee wa Magazijuto, nilihesabu madaftari, 26 walikuwa na 35 ile ile.

Ila wiki ijayo azimio la kazi linasema kusoma saa, na huyo wa mabasi nimemuona tayari ananitazama vibaya. Mshale uko kwenye 7 mimi namwambia saa moja. Nifanyeje?

---

Mtoto_wa_Pemba:

Ticha hiyo rahisi, mie babu yangu alinifunza hivi hivi. Mshale mfupi unaonyesha wapi, we tazama namba inayokabiliana nao upande wa pili. Mshale kwenye 7, mkabala wake ni 1, saa moja. Kwenye 8 mkabala ni 2, saa mbili. Kwenye 12 mkabala ni 6, saa sita. Haikosei abadan. Chukua saa ya karatasi za manila, tia mshale mfupi wenye mkia, mkia ndio usome, upake rangi nyekundu. Kwa anayependa sheria isiyobadilika atafurahi.

"Kasorobo" iache mwisho kabisa, ile ni kutoa tena.

---

Ticha_wa_Wilayani:

Mshale wenye mkia! Nimefundisha miaka tisa sijawahi kuwaza hilo. Ahsante sana kaka. Basi lake la asubuhi linapita saa moja na nusu, naanzia hapo.

---

MzeeWaMagazijuto:

26 kati ya 83 sio wachache, nakubali. Bi Kitengo hizo trei mnakata kwa kisu au mkasi, maana nimejaribu hapa kwa kisu zinachanika zote.

---

Bi_Kitengo:

Mkasi mzee wangu, na uanike kwanza, zikiwa na unyevu hata mkasi hauzipati.